Damu Iliyolala kwa Dada

Marehemu mke wangu aliniachia chupa ya chai yenye mdomo mpana, ya samawati, yenye mawaridi ubavuni. Wakati wa uhai wake ilikuwa ikipeleka uji msikitini mwezi wa Ramadhani. Alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, niliiosha nikaiweka juu ya kabati, kwa sababu mtu mmoja hana haja na uji wa chupa nzima. Ilikaa huko juu miaka, hadi damu yangu ilipohitaji chombo cha kusafiria kwenda Dar es Salaam.

Nilikuwa mkulima wa korosho kijijini Ziwani, Mtwara, na baada ya alasiri nilifundisha watoto Kurani barazani kwangu. Watoto wangu mwenyewe ni wawili. Wa kiume alipata kazi Dar es Salaam akahamia huko. Wa kike alimfuata mumewe ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na alikuwa akija kunitazama mara mojamoja kwa kuvukia Kilambo. Nyumba ikabaki na mimi, kuku, na sauti za watoto wa watu wakirudia alifu na bee. Sikuwa na la kulalamika. Mtu aliyepewa jioni zenye sauti za watoto hajasahauliwa.

Kila mwaka mikorosho ilipochanua tulipuliza salfa ili ukungu wa ubwiri usile maua. Ulibeba mashine mgongoni, ukafunga kitambaa puani, ukaingia chini ya miti, na ule unga wa njano ukakuzingira kama vumbi la bizari. Usiku kitanda kilinuka salfa. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa nililaumu salfa, na nilipopungua mwili nililaumu kupika mwenyewe. Hospitalini Mtwara wakadhani ni kifua kikuu, na mtu yeyote angedhani hivyo. Nilimeza vidonge vyao kwa uaminifu, asubuhi kwa asubuhi, mpaka mkojo ukawa mwekundu. Kikohozi hakikuondoka. Siku nilipoona damu kwenye makohozi walinipiga picha nyingine, wakaona lile doa halikupungua bali limekua, wakaniandikia kwenda Dar es Salaam.

Huko waliniambia ni saratani ya pafu, na kwamba Mungu kanionea huruma kwa kuwa imekaa mahali pamoja. Walifungua ubavu wangu wa kulia wakatoa sehemu ya chini ya pafu. Sitaeleza maumivu yake. Yalikuja na yakapita, na aliyeyapata anayajua.

Nilipoanza kukaa kitako, daktari wangu alikuja kando ya kitanda. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo, na alikuwa na tabia ya kuvuta kiti kabla ya kusema neno.

"Mzee, pale tulipokata pako safi," akasema. "Lakini sitakudanganya. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Unaweza kuwa umeacha kijisehemu mahali, kidogo mno, picha zetu zisikione."

"Sasa mtakionaje?"

"Saratani ya namna yako humwaga vitu fulani ndani ya damu. Tulivipima kabla ya kukupasua, vilikuwa juu. Juzi tumevipima tena, vimeshuka. Tutakuwa tunavipima kila baada ya miezi kadhaa. Vikibaki chini tunashukuru. Vikipanda tunatafuta."

"Vikipanda ndiyo imerudi?"

"Vikipanda tunatafuta," akarudia. "Kwa wengine hupanda kwa homa ya mapafu tu, au sigara, au ini. Damu peke yake haihukumu. Inatuambia tuangalie."

Jibu hilo lilinikaa vizuri. Katika sheria tuliyosomeshwa, shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani, hata akiwa mkweli. Nilimuuliza pia kuhusu salfa. Akasema hajui, na kwamba wako wanaopata ugonjwa huu bila sababu inayoonekana. Nilimpenda kwa kusema hajui.

Nilikaa kwa mwanangu kama mwaka mzima, nikapimwa hukohuko. Namba zilikaa chini. Mkwe wangu alinitunza kama baba yake, lakini nyumba yao ilikuwa ya watu wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, na mchana nilikuwa naisikia saa ya ukutani. Nikaomba ruhusa kurudi kwangu.

Mtwara hapakuwa na mashine ya kupima vitu vile. Daktari akapatana na maabara ya hospitali ya huku kwamba damu itolewe Mtwara na kusafirishwa. Aliyeitoa alikuwa kijana Mkristo kutoka Bukoba, aliyepangiwa kazi kwetu na kuzoea joto letu kwa shida. Alikuwa akiniamkia, "Shikamoo, Shehe," kisha akifunga mpira mkononi mwangu, akifuta kwa pamba yenye spiriti, na kuchoma. Damu aliitia kwenye mashine ya kuzungusha, ikatulia chini nzito, na juu yake yakabaki maji ya rangi ya asali. Hayo ndiyo aliyoyahitaji. Aliyatia kwenye kichupa kisichozidi kidole cha mtoto, akakifunga kifuniko, akakizungushia plasta, akakilaza kwenye barafu ndani ya ile chupa ya mawaridi.

Mara za mwanzo niliipeleka mwenyewe. Basi la Dar es Salaam liliondoka kabla ya alfajiri kuchanua, na maabara ilifanya kazi mchana, kwa hiyo ilibidi chupa ilale mjini. Ililala kwa dada yangu, mtaa wa Chikongola, nami nikalala ukumbini kwake.

Dada alinitangulia kuzaliwa kwa miaka mingi. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa bado nanyonya, na Dada ndiye aliyenibeba mgongoni, akinitafunia muhogo kabla ya kunilisha. Hakuingia shule hata siku moja, lakini sura ya Yasini aliipata kifuani kwa kumsikiliza Baba akiwasomea wagonjwa. Alikuwa mjane kama mimi. Alipika vitumbua, alikuwa na chumba kimoja alichompangisha mwalimu wa shule, na ulimi wake ulijulikana mtaa mzima.

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimeshika, nilitolewa damu nikiwa na mafua. Nilifika kwa Dada nimeloa, nimekumbatia chupa.

"Weye huendi popote," akasema, hata kabla sijamaliza kumwamkia.

"Damu hainisubiri, Dada."

"Damu itakwenda. Mpangaji wangu anasafiri kesho, ataibeba. Kifua kimoja na nusu hakipandi basi mvua hii."

"Ni pafu, siyo kifua."

"Vyote vyako." Akaichukua chupa mikononi mwangu, akaifungua, akachungulia kile kichupa kwenye barafu. "Hii ndiyo weye?"

"Ndiyo mimi."

"Kadogo namna hii," akasema. "Haya, rudi kwako ukalale. Nitakaangalia."

Yule mwalimu alikuwa mtu mwaminifu. Alikubali, na mwanangu angempokea kituoni Dar es Salaam. Nikapata gari la kurudi Ziwani jioni hiyohiyo, nikashukuru kwa kuwa na dada.

Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia kwetu, lakini kijijini aliyekuwa nayo ni mwenye duka karibu na msikiti, na mawasiliano aliyapata akisimama juu ya kreti la soda nyuma ya duka. Wiki iliyofuata aliniita baada ya sala ya adhuhuri. Nikapanda juu ya kreti. Mwanangu alianza kwa kuniuliza hali, kisha akauliza hali za kuku, nikajua.

"Sema, mwanangu."

"Daktari anataka uje, Baba. Upigwe picha."

"Namba zimepanda?"

"Zimepanda."

"Kidogo?"

"Zote, Baba. Sana. Daktari mwenyewe amesema hazimpi raha, hajawahi kuona zipande zote pamoja namna ile. Amesema usijihukumu bado, uje kwanza."

Niliposhuka, mwenye duka alikuwa ameizima redio yake. Akanipa sukari robo bila kuniuliza, nami nikaipokea.

Ningekwenda kesho yake kama njia ingekuwapo. Lakini mvua zilikuwa zimeikata barabara huko mbele, kabla ya kufika Rufiji, na magari yalirudi na tope mpaka madirishani. Wenye mabasi walisema tusubiri. Mwanangu alisema atatafuta nafasi ya ndege, na nafasi hazikuwapo. Nikawa mtu aliyeambiwa ugonjwa wake pengine umerudi, na hawezi kwenda kuuliza.

Habari kijijini haihitaji kreti la soda. Siku chache baadaye mabakuli yaliyofunikwa yakaanza kuletwa mlangoni: ugali wa muhogo, samaki, mchuzi wa kisamvu. Walioleta walikuwa wema, na Mungu awalipe. Lakini waliweka bakuli, wakauliza hali wakiwa wamesimama, wakaondoka. Wanaume walizungumza nami jinsi watu wanavyozungumza matangani. Mmoja alinisifia madrasa yangu, akasema, "Maalimu alitufundishia watoto vizuri sana," na mimi niliyetajwa nilikuwa nimekaa mbele yake namenya chungwa.

Kisha watoto wakapungua. Sikujua sababu mpaka baba wa mmoja alipokuja na kofia mkononi.

"Maalimu, tumeona upumzike," akasema.

"Sijachoka."

"Hapana, tumeona tu. Na kile kikohozi, unajua, watoto nao..."

"Ugonjwa huu hauambukizi. Nimewauliza walioufungua kwa kisu."

"Tunajua, Maalimu," akasema, na watoto wake hawakurudi.

Nilibaki na mkeka. Saa ya madrasa ilipofika nilikuwa naukunjua kwa mazoea, nakaa mahali pangu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumsomesha nilijisomesha mwenyewe, tangu mwanzo, kama mtoto aliyeanza leo. Sikuwa nimeisikia sauti yangu peke yake kwa miaka mingi. Ilikuwa na mkwaruzo, na pumzi ilikatika mahali ambapo zamani haikukatika. Kuku walikuja wakanitazama.

Hofu yangu haikuwa kufa. Nasema hivi bila majivuno. Nilikuwa nimeshalala juu ya meza ile ya upasuaji Dar es Salaam nimetoa shahada yangu. Kilichonisumbua ni kutojua. Mgonjwa anajua afanye nini, na mzima anajua. Mimi kila asubuhi nilijisikiliza ubavu, nikivuta pumzi na kuishikilia, nikiulizia kama pale palipokatwa pana mgeni. Siku nyingine nilimsikia. Siku nyingine sikumsikia, na hiyo nayo haikunipa raha. Nilichoweza kumwomba Mwenyezi Mungu ni subira, na alinipa, ila alinipa kwa siku mojamoja.

Katikati ya kungoja huko nikaamua kumwona binti yangu. Nilipata lifti ya gari lililokuwa likienda Kilambo, nikiwa nimembebea kanga za marehemu mama yake, zile ambazo sikuwahi kumpa mtu. Nilikuta Ruvuma umejaa. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, unasukuma magogo na vichaka vizima kuelekea baharini, na ukingo wa pili ulikuwa mbali kuliko nilivyoukumbuka. Pantoni ilikuwa imefungwa. Wenye mitumbwi walikuwa wamekaa kwenye banda lao wakicheza bao.

"Leo havuki mtu, Mzee," mmoja aliniambia bila kuinua kichwa. "Labda kiboko."

"Na kesho?"

"Hata kesho ni ya kiboko."

Wenzake wakacheka, mpaka walipoona kanga mkononi mwangu. Yule aliyetania akainuka, akanipisha mahali pake kwenye benchi. Nilikaa pale mpaka alasiri nikitazama ng'ambo. Moshi wa jiko la mtu ulikuwa ukipanda huko. Binti yangu hakai ukingoni, anakaa ndani zaidi, na nilijua kwamba moshi ule si wake, lakini ndio niliokuwa nao. Nikamwachia yule mwenye mtumbwi kanga azivushe maji yakipungua. Akaniuliza aseme nini akizifikisha.

"Sema baba yako anakusalimu," nikamwambia.

Mtu pekee ambaye hakubadilika ni Dada. Ijumaa alikuja Ziwani na vitumbua vyake, akaufagia uwanja wangu huku akinisema kwa uchafu, akanigombeza kwa kuacha bakuli za watu bila kuziosha. Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza tena kuhusu namba.

"Nimesikia," akasema. "Weye tulia. Ile damu ilikwenda na kinga yake."

"Kinga gani?"

"Osha bakuli," akasema.

Nilichukulia ni maneno ya mtu mzima anayemfariji mdogo wake. Nikaosha bakuli.

Barabara ilipofunguka nilisafiri. Daktari alivuta kiti chake kama kawaida. Akanipeleka kwenye picha ya kompyuta, ile ya kulala ndani ya duara, na akaagiza nitolewe damu upya palepale, mbele yake. Majibu yalichukua siku. Nilikaa kwa mwanangu nikiisikia ile saa ya ukutani. Tulipoitwa, mwanangu aliomba ruhusa kazini akaja nami, akakaa akiwa amenishika kiwiko kama mtu anayezuia mzigo usianguke.

"Picha haionyeshi kitu," daktari akasema. "Kovu letu tu."

"Na damu?"

Akasukuma makaratasi mawili mezani, la kwanza na la pili, yakiwa sambamba. "Iko chini. Zote ziko chini, kama zilivyokuwa mwaka jana."

Mwanangu alikiachia kiwiko changu akaenda kusimama dirishani. Mimi nilisema alhamdulillahi.

"Nami nashukuru, Mzee, lakini ile ya kwanza inanikera," daktari akaendelea. "Saratani haipandi hivyo kisha ikashuka yenyewe. Kile kichupa kiliingiliwa na kitu. Kuna mtu alikifungua njiani?"

"Hapana. Kilikuwa na plasta."

"Maana vitu hivi tunavyovipima vimo pia kwenye mate ya kila mtu, hata mzima. Vimejaa. Tone dogo la mate likiingia ndani, mashine itasema saratani imejaa mwili mzima. Hata jasho la kidole linatosha kuchafua baadhi ya vipimo. Safari nyingine waambie wasikifungue."

Nikaahidi. Njia nzima ya kurudi Mtwara nilimfikiria yule mwalimu aliyebeba chupa, nikaona aibu kwa kumfikiria, kwa sababu alinifanyia wema.

Dada alinipokea kwa kunitazama kwanza usoni. Alipoona nimerudi na habari njema, aliketi juu ya kibao cha mbuzi alichokuwa akikunia nazi, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Nilijua. Ile damu niliisomea." Akainama, akaendelea kukuna nazi, akizungumza kwa furaha ya mtu anayesimulia kazi aliyoifanya vizuri. "Siku ile ulipoondoka, baada ya Magharibi, nilitia udhu, nikabandua ile plasta polepole. Nikafungua kile kifuniko. Nikaisoma Yasini yote, na kila nilipofika mahali pake nikapulizia humo ndani, na mate kidogo, kama Baba alivyokuwa akifanya. Kisha nikafunga, nikairudisha plasta. Plasta yao inanata vizuri. Nikasema, wakaipime sasa."

Mbuzi ya nazi iliendelea kukwaruza. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wangu wa safari, sijaketi bado. Nilimwona Dada usiku wa mvua, peke yake chumbani, na kile kichupa kwenye viganja, akimpulizia uhai mdogo wake aliyemtafunia muhogo. Na niliuona ule mwezi wangu, mkeka mtupu, maji ya Ruvuma.

"Safari ijayo nitaisomea mara mbili," akasema.

Ningependa kunyamaza. Lakini damu nyingine ilikuwa inakuja baada ya miezi, na ingelala kwake.

"Dada," nikamwambia, "mashine ya Dar es Salaam haijui dua. Inajua mate."

"Mate gani?"

Nikamweleza nilivyoelezwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza mikono yake ikiwa imetulia juu ya kifuu. Kisha akasema taratibu:

"Kwa hiyo zile namba zilikuwa zangu."

"Zilikuwa za mate yako."

"Na ulikwenda Kilambo kumuaga mtoto kwa ajili ya mate yangu."

"Nilikwenda Kilambo."

Akageuka upande wa ukuta. Nilimwona mabega tu, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

"Marehemu mume wangu alikuwa akisema mate yangu yana sumu," akasema kutoka hukohuko ukutani. "Miaka yote nilidhani ananitania."

Nikaketi chini karibu naye, kwenye machicha ya nazi. "Dua ilifika, Dada. Ila ilipitia mlango usio wake."

"Basi nisomee wapi?"

"Nisomee mimi. Mwenyewe nipo. Nisomee mkono kabla ya sindano."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na tulifanya kwa miaka. Alikuwa akifuatana nami hospitalini amejitanda vizuri, akikaa kwenye benchi la maabara. Yule kijana wa Bukoba alifunga mpira, akautafuta mshipa, kisha akamwachia Dada nafasi. Dada aliushika mkono wangu kwa mikono miwili, akasoma aya zake, akapuliza. Kijana alingoja na pamba yake ya spiriti mkononi, kichwa ameinamisha.

"Kwa ruhusa yako, Mama, sasa naifuta," alisema mara ya kwanza, kwa wasiwasi.

"Futa, mwanangu. Imeshaingia."

Kichupa kikafungwa, na Dada hakukigusa tena. Usiku alikiweka chumbani kwake, juu ya meza ya cherehani, akakaa mbali nacho kama mtu aliyeonywa na askari. Mwalimu mpangaji aliichukua chupa, au niliichukua mwenyewe, na namba zikarudi zikiwa chini, kila mara. Watoto wa Ziwani walirudi mkekani, si wote, lakini wa kutosha. Binti yangu alivuka kiangazi akiwa amevaa zile kanga, akaniuliza kwa nini nilimpa bila neno zaidi ya salamu. Nilimwambia mto ulikuwa umejaa.

Dada alifariki mwishoni mwa miaka hiyo, kwa ugonjwa wa siku chache, akiwa na akili zake. Mimi, niliyekuwa nikihesabiwa siku, ndiye niliyemteremsha kaburini. Nilimsomea Yasini yote aliyokuwa akinisomea. Sikukosea mahali.

Ilipofika zamu yangu ya damu nilikwenda peke yangu. Yule kijana, ambaye sasa alikuwa na mvi kando ya masikio, alikuwa amekuja mazikoni. Akafunga mpira. Akautafuta mshipa, akaupata. Kisha akabaki na pamba mkononi, hafuti, hachomi, kichwa ameinamisha. Nilidhani mshipa umempotea, nikamtazama.

"Nangoja, Shehe," akasema.

Nikaelewa. Nikasoma mwenyewe, aya chache nilizoweza kuzitoa kwa sauti. Kupuliza mkono wako mwenyewe si rahisi kwa mtu aliyekatwa ubavu; kovu linavuta, na pumzi inaishia njiani. Nikainama mpaka nikafika. Akafuta, akachoma.

Usiku ule nililala Chikongola. Mpangaji alikuwa amekifagia chumba cha Dada na kunitandikia. Niliiweka ile chupa ya mawaridi juu ya meza ya cherehani, mahali ilipokuwa ikikaa, na kifuniko chake nikakikaza. Ilikaa pale mpaka wakati wa basi, nami nikakaa nikiitazama, sikuifungua.